Tembo Chini ya Jiwe la Mulango

Nyumba ya mawe haianzi na ukuta kama watu wanavyofikiri. Inaanza na jiwe la mulango, lile la chini unalokanyaga ukiingia. Kutoka jiwe hilo unapima sakafu, na kutoka sakafu unapima maji yatakimbilia wapi mvua ikinyesha. Ukilikosea, utakuwa unasukuma maji na ufagio mpaka ufe. Mimi ni fundi wa mawe. Goma hii nimeijenga tangu kijana, na mawe ya volkano, na kila mara volkano iliposhuka ikala nyumba za watu tulirudi kupasua mawe yaleyale yaliyotuunguza ili tujenge tena. Mutu wa mbali akisikia hivyo anatikisa kichwa. Lakini jiwe letu ni zuri. Lina matundu, simenti inaingia ndani yake inashika, na halinunuliwi mbali. Unalikuta pale pale, limekulalia juu ya kiwanja.

Shule niliishia kalasi ya pili. Kusoma ninasoma polepole, kuandika ndiyo taabu, kwa hiyo binti yangu ndiye anaandika haya mimi nikisema. Amenionya nisitoke nje ya habari. Nitajaribu.

Nataka kuwashukuru watu fulani, lakini hamutaelewa shukrani yangu kama sikueleza kwanza ile sarafu.

Fundi aliyenifundisha kazi alitoka upande wa Lubero, wa kabila la Wanande kama mimi, mufupi, mwenye mikono mikubwa kupita mwili wake. Alikuwa na kifuko cha ngozi, na ndani ya kifuko sarafu za wakati wa Wabelgi, za franga mbili, za shaba ya njano. Hazikuwa duara. Zilikuwa na pande sita, kama chumba cha nyuki, na kwenye uso mumoja tembo amesimama. Alizirithi kwa baba yake. Kila nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, kabla ya kulaza jiwe la mulango, alitia sarafu moja kwenye simenti mbichi, kisha jiwe juu. Padri mumoja aliyemujengea nyumba alimuuliza kama huo si uchawi. Akajibu, "Padri, wewe ukiandika barua unatia jina chini. Mimi sijui kuandika."

Basi ilikuwa ni hivyo tu. Ilikuwa jina lake. Siku nyumba itakapoanguka, atakayevunja atamuokota tembo na kujua ilijengwa na nani. Alipozeeka kifuko kilibaki na sarafu moja, akanipa mimi, akasema niiweke kwenye nyumba yangu mwenyewe na si ya mutu mwingine. Nikaiweka. Nyumba hiyo nilimujengea muke wangu, upande wa kwenda Munigi, na watoto wetu wote walikulia humo.

Volkano ilipita juu yake. Sisi tulikuwa tumeshakimbia, tunashukuru Mungu, hatukupoteza mutu. Lakini pale palipokuwa na nyumba leo ni mwamba mweusi wenye mikunjo kama blanketi, na tembo wa fundi wangu yuko huko chini na hatatoka.

Tukapanga mutaa wa Majengo, nyumba ya mbao. Wanaojua mbao za Majengo wanajua. Mvua ya kutoka juu siyo taabu, taabu ni ile inayoingia kwa pembeni. Muke wangu akaanza kukohoa, na kikohozi hicho kila masika kilikuwa kinashuka ndani zaidi. Watoto wakakaa pamoja wakachanga, tukaanza kujenga tena juu ya kiwanja chetu kilekile, juu ya ule mwamba. Nilipandisha kuta mwenyewe, kijana fundi akinisaidia kunyanyua, mabati yakapanda, madirisha yakaingia. Ikabaki jiwe la mulango, na bila jiwe hakuna sakafu, na bila sakafu hakuna kuhamia. Na mimi sikutaka kulaza jiwe bila tembo.

Sasa hapa wengine watasema muzee huyu ana kichwa kigumu. Muke wangu alisema hivyo kabla yenu. Lakini nimejenga nyumba nyingi za watu, na kwenye nyumba zao sikuwahi kuweka kitu, kwa sababu sarafu zilikuwa za fundi wangu na ziliisha. Hii ni ya mwisho nitakayojenga. Magoti yangu yamekwisha kuniambia. Nilitaka jina lake liwe chini yake, kwa sababu kila kitu ninachokijua kuhusu jiwe kilitoka kwenye ile mikono mikubwa, na yeye hakuacha mutoto.

Nilitafuta soko la Birere zima. Wale wanaobadilisha pesa karibu na mupaka walinicheka, mumoja akaniuliza kama nataka pia pesa za Farao. Ni binti yangu, huyu anayeandika, anauza vitenge hukohuko Birere na ana telefone nzuri, ndiye alisema, "Papa, vitu kama hivyo viko kwa munada wa kwenye telefone."

Munada niliujua wa ng'ombe. Mutu anasimama, anapiga kelele, unamuona ng'ombe, unamushika meno. Huu wa telefone unaona picha tu, na maneno chini ya picha, na watu usiowaona wanapandisha bei mpaka saa ya kufunga ifike. Tulikuta sarafu yetu kwa muuzaji wa Ubelgiji. Maneno yalisema ni ya kweli, ya shaba, katika hali nzuri sana. Binti yangu alinisomea mara nyingi kwa sababu nilimuomba. Kwenye picha tembo alikuwa muzuri hata kupita wa fundi wangu, munene, anang'aa. Hapo ningepaswa kushituka, lakini nilifurahi, na furaha haina macho. Binti akapandisha, mwingine akapandisha, tukapandisha tena, na saa ikafunga tukiwa juu.

Uwanja wetu wa ndege umefungwa na posta sikumbuki lini ilifanya kazi, kwa hiyo kitu chochote kinachotoka Ulaya kinakuja kwa mikono ya watu. Muuzaji alituma kwa dada mumoja wa kwetu anayekaa Bruseli. Yeye akampa jamaa anayekuja Kigali kwa matanga. Huyo akaikabidhi kwa gari la Gisenyi, na kutoka Gisenyi mama mumoja anayevusha tomate kila siku akaivusha kwa miguu, imefungwa kwenye ncha ya kitenge chake. Kila mahali ilipobadilisha mikono, bahasha ilifunguliwa kwanza mbele ya anayepokea. Kwetu humupi mutu bahasha iliyofungwa akubebee, ni kama kumutukana, utafikiri unamubebesha kitu kibaya. Kwa hiyo watu wote hao walimuona tembo na kumusifu. Mama wa tomate aliniambia, "Muzee, tembo wako amenona kuliko sisi."

Namushukuru yeye wa kwanza. Alikataa nimulipe, akasema sarafu haina uzito.

Siku ya kulaza jiwe muke wangu alipika ugali na maharage kwa majirani, na samaki kidogo. Yule kijana fundi alichanganya simenti. Mimi mwenyewe nikapiga magoti, nikatandaza simenti, nikaisawazisha na mwiko, nikamuweka tembo katikati, nikamukandamiza na kidole mpaka akakaa. Watu wakainama kutazama kabla ya kufunika.

Jirani yetu mumoja anatengeneza redio. Ni mutu wa mizaha, na kwenye mufuko wa shati lake kuna tournevis, yaani bisibisi, siku zote, hata kanisani, ya aina ile yenye sumaku kwenye ncha, ya kuokotea visikurubu. Akainama kama wengine, mikono mugongoni. Tournevis ikateleza, akaidaka kwa chini karibu na simenti. Na tembo akaruka. Alitoka kwenye simenti mbichi na sauti kama ya kubusu, akagandama kwenye ncha.

Jirani akainua tournevis, akamuangalia tembo ananing'inia, simenti inadondoka.

"Muzee fundi," akasema taratibu, "shaba haishikake sumaku."

"Najua."

"Hii iko chuma. Balipaka rangi tu."

"Najua, nimekuambia."

"Balikudanganya, muzee. Ulinunua tembo wa bati." Hapo akashindwa kujizuia, akaanza kucheka, na watu wengine wakacheka kidogo kwa chini, wakitazama sahani zao.

Muke wangu hakucheka. Alikuja akasimama juu ya kichwa changu, mimi bado niko magotini.

"Funika," akasema.

"Siwezi, mama."

"Simenti inakauka. Batu bako hapa. Chakula iko hapa. Funika."

"Siwezi kutia uongo chini ya mulango."

"Muzee, hii nyumba ni ya kulala batu ao ya kulala tembo?"

Watu sasa walicheka wazi, na walikuwa na haki. Akakohoa, na kikohozi kikamushika muda, akajishikilia kwenye ukuta wangu mupya. Nilikuwa na jiwe mbele yangu, limechongwa tayari. Ningelilaza tu, na wiki hiyohiyo tungemwaga sakafu. Sikulilaza. Ile simenti tukaitia nyuma, mahali pa kufulia nguo, isipotee. Watu wakala, wakaaga mapema. Muke wangu alirudi Majengo kwa miguu, mbele yangu, na hakugeuka mpaka tumefika.

Kama kuna kitu ninachomushukuru Mungu zaidi ya vingine, ni kwamba mwanamuke huyu akikasirika anaendelea kufanya kazi. Kesho yake asubuhi nilimukuta ameketi nje na ile sarafu, jivu, mchanga na kipande cha limau. Anaisugua.

"Unafanya nini, mama?"

"Si unairudisha kwa mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Basi utarudisha kitu ya batu na simenti kwa magulu ya tembo? Sahani ya jirani unarudishaka muchafu?"

Aliisugua kama sufuria. Simenti ikatoka. Na njano ikatoka nayo. Kwenye tumbo la tembo ikabaki nyeupe ya chuma, kubwa kama ukucha. Binti yangu alipofika akaona, akakaa chini.

"Mama, umetuua. Wanasema kitu kirudi kama kilivyotumwa."

"Kimerudi safi. Kilikuja na uongo, kinarudi safi. Kibaya iko wapi?"

Binti akatusomea sheria za munada. Ukipokea kitu ambacho si kile kilichoelezwa, unaruhusiwa kurudisha, lakini kisiguswe, kisisafishwe. Kumbe wenye kukusanya sarafu wanaogopa kusafisha kuliko wezi. Kutu ya miaka wanaipenda, ukiitoa umeharibu. Tumezaliwa watu tunaosugua vitu mpaka ving'ae kabla ya kumurudishia mwenyewe, na ulimwengu una watu wengine kinyume chetu. Sikuwa nimejua. Na kama muuzaji angekataa, pesa waliyochanga watoto kwa tembo imekwenda, hakuna ya kutafutia mwingine, na mimi ningebaki kuchagua kati ya kikohozi cha muke wangu na jina la fundi wangu. Nilijua nitachagua nini. Nilikuwa nimejipa mpaka mvua kubwa za kwanza. Zikianza, nitalaza jiwe tupu.

Binti alitaka tuseme ilikuja hivyo. Nikasema hapana, nipe hiyo telefone. Nikaongea mwenyewe, telefone ikirekodi sauti ya kumutumia, kwa Kifaransa changu cha kujengea, nilichojifunza kwa mapadri na wakubwa wa kazi, chenye maneno mengi ya mawe na machache ya adabu. Nikamueleza muuzaji kila kitu: jiwe, fundi, sumaku ya jirani, simenti, muke wangu na jivu. Nikasema, tumeiharibu, lakini ilikuwa imekwisha kuwa ya uongo kabla hatujaigusa, na ninaituma uione.

Sarafu ikaondoka. Mara hii aliyeibeba ni mtawa mumoja wa hapa aliyekuwa anakwenda Ubelgiji kutibiwa muguu. Tulifungua bahasha mbele yake kama kawaida. Muke wangu akasema bahasha hairudi tupu, akatia kahawa ya Kirumba, aliyoikaanga mwenyewe, imefungwa kwenye plastiki tatu.

"Mama," binti akasema, "huyu mutu ametuuzia uongo na unamutumia kahawa?"

"Uongo ni wake. Bahasha ni yangu."

Mtawa akacheka mpaka akashika muguu wake mubovu. Aliichukua kahawa na tembo, akavuka mupaka kwa fimbo. Alipofika kule, kabla hata ya kwenda hospitali, alikwenda posta. Namushukuru. Alirudi anatembea vizuri, hilo nalo nimushukuru Mungu.

Tukangoja. Muuzaji hakujibu ile sauti yangu. Mawingu yakaanza kukaa juu ya ziwa kila mchana. Jirani wa redio, kila nikipita, alikuwa anauliza kama tembo amefika kwao salama. Nilianza kuchonga ukingo wa jiwe la mulango tena, ingawa lilikuwa sawa, kwa sababu mikono ilitaka kitu cha kufanya.

Siku moja binti akaja mbio kutoka Birere, kitenge kimoja bado begani hajakikunja. Muuzaji amejibu. Nilikuwa nimemufikiria siku zote kama kijana wa mjini mwenye hila. Kumbe ni mama muzee, mujane. Mume wake alikusanya sarafu maisha yake yote, akafa, akamuachia makabati ya vijidroo, na yeye hajui sarafu, anauza anavyosoma kwenye vikaratasi alivyoandika mume. Kikaratasi cha tembo kilisema ni ya kweli. Yeye akanakili.

Sauti yake ilikuwa nyembamba, anaongea polepole ili nielewe. Alisema ukweli wote. Alisema aliposikia maneno yangu alifikiri ni sisi tunamudanganya, tumebadilisha ya kwake na ya bati, kwa sababu ameambiwa watu wa mbali hufanya hivyo. Ndiyo maana alinyamaza. Kisha bahasha ikafika. Akaona pale tumboni muke wangu aliposugua, chuma kimeonekana, akachukua sumaku ya kwenye friji yake, ikashika. Akachukua ile picha aliyopiga kabla ya kuuza, akatazama kwa lenzi ya mume wake: kikwaruzo kidogo karibu na mukia kilekile. Ilikuwa ileile. Nyumba ikanuka kahawa, akasema, na akakaa jikoni akalia kidogo, kisha akaipika akainywa.

Alirudisha pesa yote, hata ile ya kutuma bahasha. Sheria zilimuruhusu akatae kwa sababu ya jivu la muke wangu. Hakukataa. Lakini mwisho wa sauti aliuliza kitu ambacho binti alinitafsiria mara mbili, kwa sababu nilifikiri sikusikia vizuri. Aliuliza: "Bwana, wewe ni fundi, unajua vitu. Unafikiri mume wangu alijua kwamba si ya kweli?"

Nilikaa na hilo swali siku nzima. Mutu wa mbali, mujane, ananiuliza mimi habari za mume wake ambaye sikumuona. Muke wangu ndiye aliniambia, anachambua maharage, bila kuinua macho, "Mwambie ukweli. Weye ulijua?"

Basi nikamutumia sauti. Nikamwambia, mama, mimi niliishika mukononi, nikaitazama juani, nikaionyesha watu wote njiani, nikapiga magoti nikaitia kwenye simenti, na nimeshika shaba na chuma maisha yangu yote. Sikujua. Aliyeipaka rangi alimudanganya mume wako kwanza, halafu wewe, halafu mimi. Tuko watatu. Na mutu anayejua kitu ni cha uongo hakiandikii kikaratasi kwa mwandiko muzuri na kukitunza kwenye droo.

Hilo la mwandiko nililibuni. Sikuuona mwandiko wake. Lakini yeye alijibu kwamba ndiyo, aliandika vizuri sana.

Tangu hapo akaanza kazi. Alipitisha ile sumaku ya friji kwenye vijidroo vyote, kimoja kimoja. Zilizoruka alizitoa kwenye munada. Alinitumia picha ya bakuli lenye sarafu za uongo, akasema anazipeleka kwa wajukuu wacheze duka. Na chini kabisa, kwenye droo ambayo mume wake aliandika "mbovu", akamukuta tembo. Pande sita. Hakuruka.

Aliniuliza kama namutaka, akasema atanipa bure. Nikakataa, si kwa kiburi, lakini fundi wangu hakupata chochote bure na mimi sikutaka jina lake liingie kama sadaka. Akasema basi itapita kwenye munada kama nyingine, na akiandika ataandika yote.

Binti alinisomea maneno yake, na mimi nikamuomba asome tena, si kwa mashaka safari hii. Aliandika: imechakaa, mkonga wa tembo umefutika, pembe moja imegongwa, kuna mkwaruzo mrefu mugongoni, imechafuka na hatukuisafisha, muuzaji si mujuzi, amepima na sumaku na haikushika, usinunue kama unataka kitu kizuri.

Nimeishi karibu na Birere miaka yangu yote. Nimenunua huko misumari, viatu, telefone, na mara moja mbuzi aliyekufa njiani kabla hatujafika nyumbani. Sijawahi kumusikia mutu akiuza kitu kwa kutaja ubovu wake. Nilimuuliza jirani wa redio kama yeye amewahi, akafikiri kweli, bila mizaha, akasema hapana, hata kwake mwenyewe. Nilihisi kama nimewekewa kiti. Mutu anapokuambia pembe imegongwa, na unajua kwa nini anakuambia, hutaki tena ile isiyogongwa.

Hakuna mwingine aliyeitaka. Saa ilifunga tukiwa peke yetu.

Ilikuja kwa njia ileile, mikono baada ya mikono, ikifunguliwa kila mahali. Mama wa tomate alipoivusha alisema tembo amekonda safari hii, bila shaka ni vita. Jirani alikuja na tournevis yake, akaipitisha juu, chini, pembeni. Tembo akalala tu. Nafikiri alisikitika kidogo, kwa sababu mzaha wake umeisha, lakini alinishika mukono.

Mvua zilikuwa zimeanza, zile ndogo za kwanza. Hatukuita watu. Muke wangu alikuja na kanga kichwani na thermos ya chai, akaketi juu ya mawe akitazama, anakohoa. Nikatandaza simenti. Nilipotaka kuweka sarafu, goti langu la kushoto likagoma kukunjika, na nikabaki nusu, siendi chini siendi juu.

"Lete," akasema.

Akainama yeye. Akaigeuza mukononi, akaipangusa kwa kidole, na mimi nikaogopa jivu, lakini alipangusa tu. Akauliza tembo atazame wapi. Nikamwambia fundi alimutazamisha chini, uso kwenye simenti. Akasema, "Basi chini," akamukandamiza. Tukanyanyua jiwe pamoja na yule kijana, tukalilaza. Nikaweka nivo ya kupimia usawa. Nikaligonga na nyundo, upande wa kulia, kidogo tena, mpaka tone la hewa likakaa katikati. Binti alirekodi ile sauti ya nyundo kwenye telefone akamutumia mujane, kwa sababu aliomba asikie. Amejibu na sauti ya kikombe kinawekwa mezani, na "merci" moja.

Wiki iliyofuata tukamwaga sakafu, na tulihama kabla ya mvua kubwa. Kikohozi hakijaisha, nisiseme uongo, lakini kimepanda juu, kimekuwa chepesi, na usingizi anaupata. Nawashukuru watoto waliochanga mara mbili, kwa nyumba na kwa tembo. Namushukuru mama wa tomate, mtawa, dada wa Bruseli, wale wa magari ambao sikuwaona sura, na yule mujane ambaye hatutaonana. Jirani namushukuru pia, ingawa sitamwambia, atavimba kichwa.

Katika nyumba ya mbao hakuna aliyevua viatu, maana ndani na nje palikuwa pamoja. Siku ya kwanza ya kulala huku nilitoka kupanga mawe yaliyobaki, nikarudi na vumbi jeusi mpaka kwenye nyusi, nikapanda jiwe la mulango. Muke wangu alikuwa ndani anafagia. Akasimamisha ufagio.

"Unaenda wapi na vile viatu?"

"Naingia kwangu."

"Vua."

Nikavua.